Mwosha Aliyejifunza Kuvuta Picha

Somo la kwanza lilikuwa sahani ya pilau. Zaitun aliifungua picha kwenye kompyuta, akachora kisanduku cha kijani kuizunguka sahani nzima, kisha akachora chekundu, kidogo kama kiberiti, juu ya kipande kimoja cha nyama. Akabonyeza. Sahani ikaanza kukua. Punje za wali zikawa kama mayai ya mjusi, nyama ikaja mbele polepole kama kitu kinachotambaa, mpaka kioo chote kikajaa mafuta yaliyoganda, mshipa mweupe, na unywele mmoja ambao mpishi hakuuona.

"Umeona, Mama Saadi?" Zaitun alisema. "Picha ilikuwa imelala. Tumeiamsha."

"Mngeiacha ilale," Semeni akajibu, akageuza uso kuelekea barabarani.

Ukimtafuta pale Kibiti kwa jina lake kamili, Semeni Sadallah, utazunguka kidogo. Ukisema Mama Saadi wa studio, utaonyeshwa mlango wa bluu nyuma ya stendi. Ukisema Mama Saadi mwosha, watu watashusha sauti kwanza, kisha watakuonyesha mlango ule ule. Studio aliachiwa na marehemu mumewe, Shaban, pamoja na pazia lililochorwa maporomoko ya maji na swala wawili wenye macho ya binadamu. Kuosha maiti za wanawake alifundishwa na shangazi yake huko Mohoro, angali msichana, akianza kwa kumwagia maji tu huku amefumba macho kwa woga.

Zamani watu walikuja studio wakishauza mpunga, wamejipaka mafuta mpaka kwenye viwiko, wakasimama mbele ya swala wale kama mbele ya hakimu. Simu zikaja, wakaacha kuja. Zikabaki picha za pasipoti na za vitambulisho, na hizo nazo hazikuwa za kila siku. Zaitun, mwenye kibanda cha steshenari mlango wa pili, ndiye aliyemwambia kwamba siku hizi mteja huleta picha tele ndani ya simu na kutaka zigeuzwe kuwa video: zitembee, zivutwe karibu, zirudishwe nyuma, zipigiwe taarabu au kaswida kutegemea na shughuli. Zaitun alikuwa na kazi nyingi kuliko mikono yake. Alimtaka mwenzake, na alimpenda yule mama kwa namna yake ya kumtania bila kuchoka.

"Kijani ni pale jicho linapoanzia," alimfundisha. "Chekundu ni pale linapoishia. Katikati kompyuta inajitembeza yenyewe. Usiweke chekundu mbali sana na kijani, watu watashikwa na kizunguzungu kama wako kwenye boti. Na ukivuta kupita kiasi picha inapasuka."

"Inapasuka vipi?"

"Inakuwa vipande vipande, kama vigae. Ila za simu hizi mpya hazipasuki. Unaingia mpaka ndani ya tundu la pua."

Semeni alijifunza haraka, maana jicho la kupiga picha alikuwa nalo, lakini alikuwa na kosa moja lililomshinda Zaitun. Kila picha ya mtu aliyesimama, Semeni aliianzia kichwani, akateremka nayo pole pole kwa ubavu wa kulia, akaimalizia miguuni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa harusi ya watu wa Ikwiriri. Bibi harusi alitokea amependeza, ushungi unametameta, kisha picha ikaanza kushuka, ikashuka, ikashuka, hadi ikatua kwenye viatu na hapo ikaganda.

Zaitun alicheka mpaka akashika meza. "Mama Saadi! Watu wanataka uso, wewe unatuachia viatu! Huyu mwingine naye... viatu! Bwana harusi, viatu! Hata shehe, ndala!"

"Ndivyo mkono wangu unavyokwenda."

"Mkono gani unaokwenda hivyo?"

Semeni aliendelea kuikazia macho kompyuta. Kicheko cha Zaitun kikapungua chenyewe, kama maji yanayonywewa na mchanga. Alikuwa amekumbuka namna mama yake mwenyewe alivyooshwa: kichwa kwanza, upande wa kulia, wa kushoto, miguu mwisho. Alinyanyuka akaenda kununua chai ya watu wawili, na tangu siku hiyo alimrekebishia visanduku bila kumcheka.

Nimefikiri sana juu ya visanduku hivyo viwili. Picha iliyotulia inakuacha uangalie unakotaka, na ukiwa na adabu, usiangalie usikotakiwa. Picha inayotembezwa inakushika kichwa kwa mikono miwili na kukigeuza. Semeni, ambaye kwa miaka mingi mikono yake imepita chini ya shuka mahali ambapo macho yake hayakwenda, aliliona jambo hili kabla ya mtu mwingine yeyote pale stendi, na lilimtia kinyaa. Katika chumba cha kuoshea, shuka haliondoki. Mkono unavishwa kitambaa, unaingia chini, unasafisha kwa kupapasa, na macho yanabaki ukutani. Kwenye kompyuta mkono haufanyi kitu. Jicho ndilo linalopapasa.

Na lilipapasa kila kitu. Wateja walitaka machozi ya mama wa bibi harusi yavutwe mpaka yaonekane yanateremka kwenye poda. Walitaka mchanga wa kaburi uvutwe, na jina la marehemu lipeperuke juu yake na maua yanayozunguka. Mtu mmoja alileta picha ya mjomba wake aliyeshambuliwa na mamba huko kwenye mto, akaomba mguu uvutwe. Semeni alimrudishia simu, akatoka nje kutema mate. Jioni alimwambia Zaitun kwamba tangu aanze kazi hii anaona watu hivyo hata sokoni: jino lenye nyanya, jasho lililochora mistari ya chumvi kwenye kwapa la muuza samaki, ukoko kwenye jicho la mtoto. Macho yake yamejifunza tabia mbaya na hayataki kuiacha.

"Utazoea," Zaitun alisema.

"Ndicho ninachokiogopa."

Mambo yalikuwa hapo Muzdalifa alipokuja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba kuliko alivyokuwa mwaka uliopita, amevaa baibui lililopauka. Semeni alimfahamu. Wiki chache nyuma alikuwa amemwosha mama yake, Bi Hajira, katika nyumba yao ile ya njia ya kwenda Mchukwi, baada ya maradhi ya kiharusi yaliyomlaza yule mama kitandani muda mrefu.

"Shikamoo, Mama Saadi."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje huko? Poleni bado."

"Tumeshapoa." Aliketi ukingoni mwa benchi. "Nimekuja kwa ajili ya arobaini. Nataka video ya mama."

Akaitoa simu. Picha za mwanzo zilikuwa nzuri: Bi Hajira kijana na kanga mpya, Bi Hajira kwenye shamba la mpunga amefunga kibwebwe, Bi Hajira anacheka na jirani. Semeni alizipitisha kwa kidole na moyo wake ukatulia. Halafu kidole kikafika kitandani. Uso uliopinda. Mkono uliokauka kama kuni. Kisha picha za ubavuni na kiunoni, shuka limefunuliwa, vidonda vya kulala vimewekwa wazi chini ya mwanga wa taa ya simu, vyekundu pembeni, na mkono wa Muzdalifa umeshika pamba. Zilikuwa nyingi. Zilipigwa kwa simu mpya.

Semeni aliigeuza simu kifudifudi juu ya meza.

"Hizi za nini?"

"Hizo ndizo ninazozitaka zaidi," Muzdalifa alisema. "Zivute. Zivute mpaka mwisho, wazione."

"Waone nini, Muzdalifa? Mwili wa mama yako?"

"Waone mikono yangu!" Sauti ilimtoka kwa nguvu, mpaka Zaitun akachungulia mlangoni. "Mama mdogo Mwamvua anasema nini huko Mohoro, hujasikia? Kila nyumba anayoingia. 'Dada yangu ameoza akiwa hai, mtoto amekaa naye chumba kimoja anachezea simu.' Unajua nani kamwambia kuwa kulikuwa na vidonda?"

Semeni alijua. Siku ya kuosha, Mwamvua, mdogo wake marehemu, alidai haki yake ya kumwagia maji dada yake, na hakuna anayeweza kumnyima ndugu haki hiyo. Alisimama kwenye kona na kopo mkononi. Walipomlaza marehemu kwa ubavu wa kushoto ili kumsafisha mgongo, shuka liliinuka kidogo, na Mwamvua akaona. Semeni aliyaona macho yake yakienda pale, yakakaa, yakanywa. Alipotoka mle chumbani, aliyabeba aliyoyaona kama mtu anayebeba kitoweo.

"Nilikuwa namgeuza usiku na mchana," Muzdalifa aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Muuguzi aliyekuwa akija alinionyesha namna ya kusafisha, nikachemsha vitambaa, nikaanika. Picha nilimpigia yeye, aone kama vinapona. Vingine vilipona. Na watu wote hawa wanakuja arobaini, Mama Saadi. Watakaa kwenye mikeka yangu, watakula wali wangu, wakiwa wananiona mimi ni muuaji."

Mkononi mwa Semeni kulikuwa na kumbukumbu ya mwili ule. Ngozi ilikuwa imepakwa mafuta. Kucha zilikatwa. Nywele zilisukwa mistari myembamba ya kulalia, iliyosukwa na mtu asiye na haraka. Vidonda vyenyewe vilikuwa vikavu, havina harufu. Ameosha maiti zilizotoka katika majumba ya fahari zikiwa na uchafu usiosemeka, na hajawahi kusema. Huyu alikuwa ametunzwa, na hilo nalo hakulisema. Lakini angelisemaje? Ili useme vidonda vilikuwa visafi, lazima kwanza useme vilikuwepo.

"Nitakutengenezea video," alisema mwishoni. "Hizi za vidonda sitazigusa."

"Basi haitakuwa na maana."

"Mama yako hana shuka lingine, Muzdalifa, ila sisi. Pale patakuwa na wapishi wanaume. Patakuwa na watoto. Wewe ungekubali, ukiwa umelala vile, uwekwe mbele ya sufuria za wali?"

"Yeye ameshakufa. Mimi ndiye nitakayeishi hapa na jina hili."

Ni neno baya, lakini sijaweza kumlaumu kwa kulisema. Semeni naye hakumlaumu. Alichukua picha nzuri na zile za kitandani zenye uso peke yake, akakaa nazo siku kadhaa. Alijitahidi. Katika picha moja mkono wa Muzdalifa ulikuwa umeshika kikombe cha uji. Aliweka kijani kwenye kikombe na chekundu kwenye midomo ya mama. Katika nyingine, nyuma ya dirisha, kulikuwa na kamba yenye vitambaa vyeupe vilivyoanikwa. Aliitembeza picha kuifuata kamba yote, kitambaa kwa kitambaa. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kuzifanya, na haikuishia miguuni hata mara moja.

Muzdalifa aliitazama mpaka mwisho. "Nzuri," alisema. "Ila mama mdogo atasema, 'Kufua vitambaa ndiyo nini? Hata mimi nafua.'" Akachukua simu yake, akatoka, akaingia mlango wa pili, kwa Zaitun.

Semeni alimfuata Zaitun jioni, wakati anafunga kibanda.

"Umekubali?"

"Mama Saadi, mimi ni steshenari, si kadhi. Mteja kalia hapa mbele yangu mpaka kamasi. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia hapana."

"Wewe ulimwambia hapana, ikamsaidia nini?" Zaitun alishusha kufuli, akageuka. Hakuwa na utani usoni. "Yule mama mdogo wake anaongea, wewe unayejua ukweli umenyamaza. Sasa nani amemfikisha kwangu?"

Maneno yale yalimwingia Semeni na kukaa mahali pabaya. Nyumbani alishindwa kula. Alikuwa akijivunia ukimya wake kwa miaka yote, akiuona kama nguo safi. Sasa aliunusa na kuhisi una uvundo. Shangazi yake hakuwa amemfundisha kunyamaza tu. Alimfundisha kwamba baya la maiti linazikwa naye, na jema lake linasemwa ili watu waseme amina. Nusu ya pili ya fundisho hilo Semeni hakuwahi kuitumia. Ilikuwa rahisi zaidi kufunga mdomo wote.

Siku ya arobaini turubai lilifungwa kuanzia ukuta wa nyumba hadi kwenye mnazi. Wanaume walisoma hitima upande wa mbele, wanawake uani. Baada ya dua televisheni bapa ikatolewa ndani, ikawekwa juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, ikielekea kwenye mikeka ya wanawake. Nyuma ya mikeka wapishi walikuwa wakipakua wali, majasho yakiwadondoka karibu na sufuria. Harufu ya nyama ilikuwa nzito. Semeni aliketi karibu na mlango wa jikoni, akiwa hajala tangu asubuhi.

Mwamvua alikuwa mbele kabisa pamoja na wenzake wa Mohoro, kanga mbili mpya, pete zimemkaza vidole.

"Haya, wawashe basi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "Tumwone dada yetu kwenye sinema. Alipokuwa hai hatukuonyeshwa."

"Mama mdogo ulikaribishwa kila siku," Muzdalifa alijibu akiwa amesimama kando ya televisheni.

"Nilikaribishwa! Barabara yote ile maji tupu, nije kwa mbawa?"

"Za msibani ulizitoa wapi, hizo mbawa?"

Wanawake wawili walicheka wakaficha midomo kwa kanga. Mwamvua alivuta pumzi ajibu, lakini Zaitun alikwishabonyeza, na kaswida ikaanza.

Bi Hajira kijana alitokea, akaja mbele taratibu na kanga yake mpya. Wanawake wakaguna kwa upendo. Shambani na kibwebwe. "Mtazame, mtazame alivyokuwa na nguvu." Hata Mwamvua alipangusa macho, na nadhani yale yalikuwa machozi ya kweli, maana mtu anaweza kumpenda dada yake na bado akamfanya kitoweo. Kisha kitanda kikaja. Uso uliopinda uliposogezwa mbele, mama mmoja alisema Mola amrehemu.

Ndipo ubavu ukatokea. Zaitun alikuwa hodari; picha haikuruka wala kutetema. Ilianza kwa mbali, shuka na mkono wenye pamba, ikaanza kusogea. Mkono wa Muzdalifa, ule uliotakiwa uonekane, ukasukumwa pembeni ya kioo, ukabaki vidole viwili, ukapotea kabisa. Kidonda kikaendelea kukua peke yake. Kikawa kikubwa kama sinia. Kikawa na kingo, na mashimo, na unyevu unaong'aa, huku sauti za watoto wa madrasa zikimsifu Mtume nyuma yake. Msichana mmoja alifunika mdomo akakimbilia nyuma ya nyumba na wote wakasikia alichofanya huko. Mpishi mmoja alikuwa amesimama na upawa mkononi, anatazama, mdomo wazi. Na kwenye mikeka, simu zilikuwa zimeinuliwa. Semeni aliziona: si moja, si mbili. Walikuwa wanachukua video.

Alimwona pia Muzdalifa. Alikuwa akizitazama nyuso za watu, anangoja waione mikono yake, na katika nyuso zile hapakuwa na kitu ila karaha.

Picha ya pili ya kidonda ikaanza kuvutwa.

Semeni aliinuka. Alipita katikati ya mikeka akikanyaga sahani za watu, akafungua kanga aliyojitanda, akairusha juu ya televisheni na kuivuta ncha zake mpaka chini, pande zote, kama anavyofanya siku zote. Kaswida ikaendelea kuimba ndani ya kitambaa.

"We Semeni!" Mwamvua alifoka. "Una kichaa? Mwache mtoto aonyeshe kazi yake!"

"Mwamvua, nyamaza." Hakupaza sauti. "Mimi ndiye niliyemwosha Hajira. Nimeosha wengi katika wilaya hii, na mama wa baadhi yenu mliokaa hapa. Hajira nilimkuta amesukwa nywele. Nilimkuta amekatwa kucha, amepakwa mafuta, mwili wake hauna harufu. Nilimkuta ametunzwa kama mtoto mchanga. Haya ndiyo niliyoyaona. Na aliyesimama na kopo la maji karibu yangu aliyaona haya haya."

Upawa uligonga ukingo wa sufuria. Wanawake wa Mohoro walianza, mmoja baada ya mwingine, kumgeukia Mwamvua. Alizungusha pete kidoleni. "Mimi nilikuwa na uchungu wa dada yangu," alisema hatimaye, bila kumtazama yeyote. "Mtu mwenye uchungu anasema mengi."

"Amina," akasema mama mmoja mzee, kwa ukali, kama anayefunga mlango. Wengine wakaitikia.

Wali uliliwa kidogo sana siku ile. Sahani nyingi zilirudi jikoni na nyama yake.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo. Kabla ya magharibi video ilikuwa imefika Mohoro, na kesho yake ilikuwa Ikwiriri na Mloka, katika simu za watu wasiomjua Bi Hajira hai wala mfu. Wengine walituma yote, pamoja na kanga inayoanguka na sauti ya Semeni. Wapo walioikata sehemu ya kanga, wakabakiza kidonda, wakaandika chini yake maneno ya kuwaonya watoto wanaotelekeza wazazi. Zaitun aliiona kwenye simu ya mteja. Alizima kompyuta, akakaa nje ya kibanda chake hadi adhuhuri, na alipoulizwa anaumwa nini alisema tumbo.

Muzdalifa alikuja studio baadaye. Hakusema asante, na Semeni hakuingoja. Aliweka simu mezani.

"Nisaidie kuzifuta zile za vidonda. Mkono wangu hauwezi."

Semeni alizifuta moja moja, huku amekiinamisha kioo ili mwenzake asivione vidonda tena, wala yeye mwenyewe hakukitazama zaidi ya ilivyohitajika kidole kipate mahali pa kugusa. Muzdalifa alitazama swala kwenye pazia.

"Mama mdogo kanipigia," alisema. "Ameomba radhi. Halafu akaniuliza kama nina ile video nzima, yake imekatika."

 Semeni aliendelea mpaka za vidonda zikaisha, ikatokea picha ya Bi Hajira anacheka na jirani, mkono mmoja hewani, ungo kiunoni, makapi ya mpunga yametapakaa kwenye ushungi.

"Hii niitembeze?" aliuliza. "Nianzie wapi?"

Muzdalifa aligeuka kutoka kwenye pazia, akaitazama.

"Usianzie popote," alisema. "Ichape kwenye karatasi. Nitaitazama mwenyewe."